Wezi ni Hawa

Kofi lilimpata Willy akiwa bado ameinama juu ya mashine. La pili liliiangusha kofia yake ya plastiki, ikabingirika mpaka ndani ya mtaro.

"Nilisema muzime!" Bisimwa alifoka. "Muzime sasa hivi!"

Huu ulikuwa usiku wa tatu. Kila ikifika saa nne, hawa vijana wa maji walifunga avenue kwa kamba, wakawasha taa yao kubwa na kuanza kupasua lami. Eti mchana magari ni mengi. Eti bomba kubwa limetoboka chini. Eti, eti! Na watu wa mtaa huu wa Nyawera wakalale wapi, ziwani?

Bisimwa hakuwa mtu wa ngumi. Alifundisha hesabu, na hata wanafunzi watundu hakuwagusa. Lakini kule juu, ngazi sitini kutoka barabarani, bibi yake Colombe alikuwa na mimba ya miezi minane, presha imepanda, miguu imevimba. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka. Daktari wa hospitali ya Katana alimtazama Bisimwa machoni akamwambia, "Huyu maman akikosa usingizi, utazika wawili." Na siku tatu Colombe hakuwa amefumba jicho. Usiku huu alipoanza kulia chini chini, Bisimwa alivaa sandali, akausukuma mlango tu bila kuufunga kwa ufunguo, maana alikuwa anarudi sasa hivi, akashuka.

Willy, mkubwa wa kazi, alizima mashine. Alifuta damu puani kwa mkono wake.

"Papa, utuhurumie. Tumebakiza mètre mbili. Asubuyi maji itatoka, hautatusikia tena."

"Bibi yangu akufe ju ya mètre yenu mbili?"

Bisimwa aliokota beleshi. Wallahi, alikuwa amekusudia kulipasua lile jenereta la taa yao. Ndipo, mashine ikiwa imenyamaza, sufuria ikalia kule juu. Ko-ko-ko-ko, mbio mbio.

Bukavu kila mtu anaijua sauti hiyo. Majambazi wakikuingilia, huwangojei polisi. Unashika sufuria na mwiko, unapiga. Jirani akisikia anatoka na alichonacho, panga, nondo, jiwe. Asiyetoka leo, kesho atapiga ya kwake peke yake.

Bisimwa alicheka kwa hasira. Maman Domitille huyo! Nyumba yake ilikuwa ngazi chache chini ya nyumba ya Bisimwa, na jana tu kwenye foleni ya madumu alikuwa ameapa mbele ya watu: "Hawa ba mashine wakianza tena, ninapiga sufuria. Avenue yote itoke, tuone kama hawatakimbia." Mwanamke wa maneno na vitendo!

Willy aliinua kichwa. "Papa, usikie. Kule juu kuko mutu anavamiwa."

"Usinifundishe mambo ya kwetu."

Milango ilifunguka. Filimbi zikalia. Tochi zikatoka moja moja na kuanza kupanda ngazi, zikifuata sauti. Bisimwa aliona jinsi mambo yatakavyokuwa: watafika kwa Domitille, watagombezana naye kidogo, watarudi kulala, na mashine itawashwa tena. Hapana. Alipanda juu ya kifusi, akaweka viganja mdomoni.

"Huku! Mushuke huku! Wezi ni hawa!"

Tochi zilisimama. Kisha zikageuka zote pamoja.

Walishuka kwa kishindo. Benoît muuza nyama ndiye aliyefika wa kwanza na nondo yake. Willy aliinua kadi yake ya kazi, akalia, "Tuko ba maji! Tuko ba maji!" Jiwe likamvunja meno, maneno yakaishia hapo. Mwenzake alivutwa kwa miguu kutoka mtaroni, uso ukiburuzika kwenye kokoto. Mtu alilipiga jenereta teke, likapinduka, taa ikazimika, wakaendelea kupiga gizani. Willy alitambaa, akaushika mguu wa Bisimwa kama anayeomba. Bisimwa alishusha beleshi juu ya ile mikono. Mfupa ulilia.

Kule juu sufuria ilikuwa bado inalia, lakini sasa taratibu. Ko. Ko. Halafu ikanyamaza.

Domitille ameona kazi imekwisha, aliwaza Bisimwa. Watu walirudi nyuma wakihema. Willy hakutikisika tena. Bisimwa alitaka kuogopa, lakini alisikia ukimya umelala juu ya mtaa mzima, hata mbwa hakubweka, na moyo wake ukatulia. Sasa Colombe atalala.

Maman Domitille ndiye aliyekuja wa mwisho, akichechemea kwa magoti yake mabovu, mchi wa kutwangia begani. Bisimwa alimwendea, akamshika mkono.

"Aksanti, maman. Sufuria yako imetusaidia."

Domitille alimwangalia, kisha akaliangalia beleshi.

"Yangu? Ilikuwa inalia kwako, Papa. Tulikuwa tumebakiza ngazi tatu tuingie, ndio tukasikia sauti yako huku chini, unaita: wezi ni hawa."