Mji Wangu, Ukurasa wa Nane

Mzee aliingia ofisi ya jarida bila miadi, akapangusa viatu mlangoni mara tatu, na dada wa mapokezi akajikuta amesimama kabla hajajua kwa nini.

"Mmeandika kwamba mnawatafuta watu waliowahi kuishi katikati ya mji," mzee alisema. "Basi nimekuja."

Dada wa mapokezi akanyakua simu. "Balozi amefika," alinong'ona. "Na koti lake! Hilo ndilo koti."

Wiki nzima walikuwa wanamsubiri balozi mstaafu, ambaye katibu wake aliahidi kwamba mheshimiwa angepita "siku yoyote". Kila toleo, ukurasa wa nane ulimpa mtu aliyehama mji nafasi ya kueleza alipopenda kula, kununua na kutembea. Siku hiyo ukurasa ulikuwa bado mtupu, na mitambo ya uchapaji ilikuwa inausubiri jioni.

Kazi ya kumhoji alipewa mwandishi mpya. Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekosa usingizi kwa ajili ya nukta. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha siku hiyo. Barua ya ajira ilikuwa kwenye droo ya mhariri ikisubiri ukurasa huu, na nyumbani mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani.

"Tuanze na chakula, mzee."

"Ile hoteli kubwa inayotazamana na mahakama. Ila mlango wa mbele haukuwa wangu. Nilipita wa nyuma, saa tisa alasiri, wageni wakishatawanyika. Mpishi alinifahamu. Sikuagiza hata siku moja. Alinipa alichoona kinanifaa."

"Na manunuzi?"

"Nitakudanganya nikisema nilikuwa mtu wa manunuzi. Lakini duka la majokofu, siku wanapoteremsha mzigo! Mji mzima huwezi kupata maboksi kama yale, binti yangu."

"Na pa kutembelea?"

"Ukumbi wa benki, lile jengo la zamani. Tazama dari lake. Unaweza kukaa tangu wanafungua mpaka wanafunga, mradi una namba ya foleni mkononi. Mvua ikinyesha, nenda maktaba, chumba cha magazeti. Mlinzi wa pale muungwana sana. Ukisinzia anagonga meza, hakugusi bega."

Mwisho wa ukurasa kulikuwa na kisanduku cha makazi ya zamani ya msimulizi. Mzee akamtajia makazi yake. Kalamu ya Nukta ikasita, kisha ikaendelea.

"Utayaweka hivyo hivyo?" mzee aliuliza. "Tukishahama tunapenda kupapamba tulipotoka. Mimi nina majirani waliobaki pale. Jarida lenu wanalisoma, ingawa huwafikia limeshakunjika kunjika. Nataka wajue sijawasahau."

"Hivyo hivyo, mzee. Naahidi."

"Usiahidi haraka, mwanangu."

"Nimeshaahidi."

Mhariri aliisoma makala akiwa amesimama, kwa sauti, ili chumba kizima kifaidike.

"Hakuagiza! Hapo ndipo unapomjua mtu mzito. Sisi tunagombana na orodha ya vyakula, mwenzetu analetewa tu."

"Na maboksi?" aliuliza mpiga picha.

"Balozi ni mtu wa kuhama nchi na nchi. Asipojua boksi yeye, atajua nani?"

"Mhariri," Nukta alisema, "kuhusu yule mzee..."

"Mzee ni baba yako. Huyu ni mheshimiwa."

Kabla ya saa saba mhariri alikuwa ameshaipigia simu hoteli. Meneja alifurahi mpaka akanunua tangazo la ukurasa mzima, kisha akaamuru meza sita za kitambaa cheupe zipangwe karibu na mlango wa nyuma, saa tisa kamili, kwa walioalikwa tu. Walioalikwa walithibitisha wote. Mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kuja na mkewe. Mke wa mwingine alitaka kujua mtu avae nini kwenda mlango wa nyuma.

"Mhariri, nisikilize kwanza. Yule mzee si..."

"Si mtu wa maneno mengi, nimeona. Wakubwa ndivyo walivyo." Akaitoa barua kwenye droo, akaigonga gonga mezani. "Weka saini, jaza hicho kisanduku, utume ukurasa kwa wachapaji. Makazi andika mtaa wa mabalozi, basi. Nikikuta neno jingine pale, barua hii kafungie karanga."

Akakaza tai, akaenda kula asichoagiza.

Nukta aliisoma barua mara mbili. Ilikuwa na mshahara, bima, hata siku za likizo. Simu yake ikalia.

"Umeshasaini?" mama yake aliuliza. "Shangazi yako yuko hapa, anataka asikie mwenyewe. Nimemwambia wewe ndiye utakayetutoa."

"Bado, mama. Nimebakiza mstari mmoja."

"Mstari mmoja tu? Si uandike, mwanangu!"

"Naandika, mama."

Aliiweka barua juu ya kiti cha mhariri bila saini. Akachukua kikombe chake, mwavuli wake na kamusi yake, akavipanga kwenye mfuko. Kisha akainama juu ya kompyuta, akajaza kisanduku neno kwa neno, akahakikisha nukta ipo, akatuma.

*Makazi ya zamani: chini ya daraja la waenda kwa miguu, nguzo ya pili, upande usiovuja. Miaka tisa.*