Wapiga Ngoma Watatu wa Thobias

Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatangulia Mvumi, na bwana harusi bado yuko dukani mjini Dodoma anabishania wapiga ngoma.

"Wakubwa ni watatu tu," Thobias alimwambia Nasri, mwenye duka. "Wengine wanagonga debe."

Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na Nasri aliuza redio za kaseti za kila rangi. Thobias alikuwa fundi wake. Mpiga dramu wa hotelini akiugua, Thobias ndiye aliyeshika vijiti. Bahati mbaya mgonjwa huyo alikuwa hachelewi kupona. Thobias alitamani mwalimu kuliko alivyotamani mshahara, na mwalimu hakuwapo.

Wa tatu wake alikuwa Mkongo mmoja wa kwenye kaseti, ambaye mguu wake wa kulia haukuwa na haraka ya kwenda popote. Wa pili alikuwa marehemu Swalihu wa Ihumwa. Huyo sifa yake ni kunyamaza: aliacha pengo, na watu wakacheza ndani ya pengo. Nafasi ya kwanza ilikuwa wazi.

"Nitamjua nikimsikia," Thobias alisema.

"Na akina mama wa kwenu Ugogo?"

"Zile ngoma za sherehe tu, bosi." Alikuwa Mgogo wa kuzaliwa Mkonze, na hakuwahi kuzisikiliza hata siku moja.

Mchumba wake, Angelina, alifundisha chekechea mjini. Kila palipokuwa na sherehe kwao Mvumi, alikwenda peke yake. "Mama yangu ni mtu wa shamba," alimwambia. "Tukishaoana utamzoea." Thobias aliona binti wa watu anamwonea mama yake haya, akamhurumia. Alimpenda kweli. Kwa ajili yake alishakataa hata kupiga hotelini Jumamosi mbili, na hakuna aliyewahi kufanyiwa hivyo.

Njiani, mshenga wake, Mzee Matonya, alimpa somo.

"Mama mkwe akipita, tazama chini. Humpi mkono, huli naye, hukai karibu naye. Ukishaoa ni hivyo mpaka kufa."

"Nimeelewa, mzee."

Mambo yalikwenda vizuri. Wazee wa Mvumi walimnung'unikia ng'ombe mmoja aliyevunjika pembe, kwa kuwa lazima mmoja anung'unikiwe, kisha wakawapokea wote. Nyuma ya nyumba wanawake wakaanza ngoma ya kuwakaribisha wageni.

Thobias alikuwa ameinua kikombe cha togwa. Akakishusha.

Katikati ya ngoma zile palikuwa na moja iliyochelewa makusudi. Ilipofika, ilizipanga nyingine zote. Kisha ikanyamaza, na Thobias akajikuta miguu yake mwenyewe imeingia kwenye pengo. Machozi yalimlengalenga. Alizunguka nyumba bila kuaga.

Mwanamke wa makamo alikaa kwenye kigoda, ngoma kaibana mapajani, macho kafumba. Mbele yake, goti kwa goti, alikaa jirani aliyekuwa akijifunza. Alipokosea, mwanamke yule alimshika kiganja na kukirudisha mahali pake, bila neno.

"Yule ni nani?" Thobias aliuliza.

"Tazama chini," alisema Mzee Matonya, aliyemfuata mbio. "Ndiye mama mkwe wako."

Thobias alitazama chini. Alivitazama viatu vyake muda mrefu, na moyo ulimuuma kwelikweli. Kisha akamvuta mshenga hadi kwenye zizi, akamnong'oneza. Mzee Matonya alimtaka arudie.

Walirudi kwa wazee. Mzee Matonya alikohoa.

"Binti hana kasoro yoyote. Kijana amesisitiza hilo."

"Sasa?" aliuliza baba yake Angelina.

"Sasa anasema haoi. Lakini ng'ombe wabaki. Anaomba wawe ada."

"Ada ya nini?"

Mzee Matonya alielekeza kidole nyuma ya nyumba, ngoma ilikokuwa ikilia.

Angelina aliyasikia yote akiwa mlangoni. Uso ulimshuka. Akapita katikati ya wanaume, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kigoda, akauweka mkono wake juu ya ngoma.

"Mama," alisema, "si nilikuomba usipige leo?"