Gwaride la Utambulisho

Wanaume kadhaa walipangwa mstari katika ua wa kituo cha polisi. Bi Tunu, aliyemwona kwa macho yake muuaji wa mwanawe, alitakiwa amguse bega.

"Ni huyo mwenye shati la bluu, mama," Inspekta Magesa alimnong'oneza. "Mguse tu, kesi iishe."

Bi Tunu akamsogelea. Akamtazama kijana huyo usoni kwa muda mrefu, kisha akaificha mikono ndani ya kanga.

"Siye," akasema.

"Tazama vizuri, mama."

"Nimetazama. Wangu kauawa, sitamuua na wa mwenzangu."

Akaketi chini palepale, mbele ya wale wanaume, akanyoosha miguu.

"Mleteni aliyemuua. Namngoja."

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda.