Bomba la Chumba Kimoja

Siku hizo kule Makete kila mwenye nyumba alikwenda darasani kujifunza kuchora kwa mashine pampu yake ya joto, ile inayochuma joto kwenye hewa ya baridi. Bibi Sekela aliiandikia mashine walalao kwake: yeye na mjukuu wake Tumpale, wa miaka sita. Mashine ikarudisha mchoro wenye bomba la kupasha joto chumba kimoja tu.

"Mwalimu, mbona mmoja kaachwa?" Bibi akauliza.

"Bibi, inahesabu watakaokuwepo baridi ya mwakani."

Bibi akacheka. "Basi safari yangu imeiva!"

Mwalimu hakucheka. Bibi akavaa miwani, akalifuata bomba kwa kidole. Liliishia kitandani kwake yeye; chumba cha Tumpale hakikuwa na bomba.

Akafuta, akaandika upya: chumba kimoja, kitanda kimoja, watu wawili.

Mashine ikarudisha bomba lilelile, lenye joto la kumtosha mtu mmoja.