Nakala ya Tunu

Siku hizi ukitaka shahada ya uzamili ya biashara bila kuacha kazi, chuo kinakupa nakala yako, inayofanana nawe hadi kucha, ikae nyumbani badala yako. Tunu, meneja msaidizi wa kiwanda cha chai, alizipekua programu akachagua iliyosifiwa kuwa haimbani mtu: yeye asome kila jioni, nakala ikae na mumewe. Cheo cha meneja mkuu alikuwa anakimezea mate kitambo.

Jumamosi moja darasa liliahirishwa, akarudi mapema. Hata viatu hajavua, akasikia kicheko cha Shomari, mumewe. Shomari huyu huyu, ambaye kumchekesha ni kazi!

Alimkuta jikoni ameshika upawa, anaidondoshea nakala mchuzi kiganjani, vile vile alivyokuwa akimdondoshea yeye tangu waoane.

"Hebu onja chumvi, Tunu wangu."

Nakala, isiyojua ladha ya kitu chochote, ilipeleka kiganja mdomoni. "Imekolea."

"Na mimi je?" Tunu aliuliza mlangoni kwa wivu. "Mimi sionji?"

"Ah, umerudi?" Shomari aligeuka. "Karibu. Kaa, tukupakulie."

Tukupakulie! Kama mgeni. Alikaa, akamega tonge, akachovya. Mchuzi ulikuwa chapwa, hauna chumvi hata chembe. Shomari alikuwa anajilamba vidole.

"Mke wangu," alisema kwa upole, "hivi ukimaliza hii, hakuna shahada nyingine ya kusoma?"