Athanas, Umetoka?

"Athanas! Umetoka?"

Kondo aliita akiwa ameinua uso kwenye bomba kubwa la bati lililopanda kutoka juu ya majiko na kupotelea darini. Mkono wake wa kulia ulishika kishikio cha swichi ukutani. Bomba halikujibu kitu.

Jikoni moshi ulishatanda. Ukumbi ulikuwa mpya, chini kidogo ya milima, rangi bado inanuka, na mchana ule ndiyo ilikuwa harusi yake ya kwanza. Wapishi walikuwa wakifuta machozi kwa ncha za kanga. Feni ya kuvuta moshi haikuwa imewahi kuwashwa tangu ifungwe.

"Fundi, vipi?" Mercy, msimamizi wa ukumbi, aliingia akikohoa. "Bwana harusi ameshapita Mikese. Watu watakula pilau au watakula moshi?"

"Kila kitu tayari," Kondo alisema.

Na kweli kilikuwa tayari. Asubuhi aliizungusha feni kwa mkono akisikiliza beringi, akakaza bolti, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona kama umelegea. Yote aliyafanya vizuri, na yote yalimpita kama mchuzi usio na chumvi.

"Sasa si uwashe?"

"Athanas hajajibu."

Mafundi wa Mzee Hashimu, tajiri wa Kondo, wana sheria moja, ya pili hawana. Kabla ya kuwasha, aliye kwenye swichi humwita mwenzake kwa jina. Aliye ndani hujibu mwenyewe, kwa mdomo wake. Hakuna wa kumjibia. Na Athanas alikuwa na tabia ya kusinzia mle ndani, eti bati lina ubaridi kama wa shule aliyosomea, kule milimani Mgeta.

"Kumbe amelala!" Mercy alisema. "Mgongee huyo."

Kondo akagonga bati kwa bisibisi. Sauti ikapanda, ikapinda kona, ikaisha.

"Labda katoka kuvuta sigara," mpishi mmoja alisema.

"Sigara gani? Kaenda kwa mchepuko huyo!" mwingine akadakia, wakacheka huku wakikohoa.

Eufrazia, aliyekuwa akikata vitunguu pembeni, hakucheka. Yeye ndiye mke wa Athanas, ila jikoni mle hakuna aliyejua isipokuwa Kondo. Wapishi walikuwa wameokotwa huku na huku kwa kazi ya siku moja.

Simu ya Kondo ikaita. Alikuwa Mzee Hashimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Feni inazunguka?"

Kondo akatazama kishikio.

"Sikiliza, mwanangu. Umekaa nyumbani tangu masika, nimekuvumilia. Leo nimekupa kazi ya kuwasha tu. Ikikushinda hiyo, niletee ovaroli na funguo, nitafute mtu mwingine. Usinilaumu."

"Sikulaumu, mzee."

Mzee alikata simu. Kazi nyingine Kondo hakuijua, tangu ujana wake ni feni tu. Alijaribu kuogopa, hofu haikuja.

Eufrazia alimletea chai.

"Na mwenzake je?" Mercy aliuliza. "Akitoka huko mabatini si naye atataka?"

"Kikombe kimoja kinatosha."

"Mh! Mpishi una choyo wewe."

Eufrazia alirudi kwenye vitunguu vyake. Kondo alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa cha moto sana, mvuke ulionekana, lakini vidole havikumwambia chochote. Akakiweka chini bila kunywa.

Moshi ukazidi. Mpishi mmoja aliiacha sufuria akakimbilia nje. Mercy alijifunga mtandio puani.

"Fundi, nakuomba. Nitafukuzwa kazi mimi."

"Athanas!" Kondo aliita, safari hii kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Athanas, toka bwana! Umetoka?"

Wote wakatega masikio. Mkono wa Kondo ulibaki palepale kwenye swichi, kama umegandishwa kwa gundi.

Eufrazia aliweka kisu chini. Alijifuta viganja kwenye kanga, akaja taratibu mpaka ukutani. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Kondo, akausukuma juu pamoja na kishikio.

Mercy akapiga yowe. "We mama! Kuna mtu mle ndani!"

Feni ikanguruma. Moshi ukatikisika, ukaanza kupanda.

"Tulimzika Gairo, masika yale, shemeji," Eufrazia alisema, bado amemshika mkono. "Wewe ulishika jeneza upande wa kichwa."