Kidole Gumba cha Masinde

Sheria ilikuwa moja: shahada ya kwanza unayoipata ndiyo kazi yako hadi uzeeni, na vifaa vyote vya kazi hukutambua kwa kidole gumba. Bhoke alikuwa na shahada ya kompyuta. Baada ya kuhitimu alijifunza umeme peke yake miaka miwili, akaomba kubadilishiwa kazi mara tatu, akakataliwa mara tatu.

Asubuhi moja friji yenye insulini ya mama yake ilizimika. Bhoke alijua kuna waya uliolegea ndani ya kisanduku cha umeme ukutani, lakini alipoweka kidole chake, kisanduku hakikufunguka.

"Wewe ni wa kompyuta," kikasema.

Akamwita jirani yao Masinde, aliyehitimu umeme lakini hakuwahi kuitwa kazini, akaishia kufuga kuku uani. Kwake kikafunguka papo hapo.

"Nishike wapi, dada?"

"Zima swichi kubwa kwanza. Sasa kaza hiyo skrubu ya kushoto. Ongeza kidogo."

Friji ikaanza kunguruma.

"Kazi nzuri, Mhandisi Masinde," kisanduku kikasema. Mama naye akamshukuru Masinde. Bhoke akaenda jikoni, akasugua sufuria iliyokuwa safi.

Baada ya siku mbili Masinde alibisha hodi akiwa na barua mkononi. Kazi ile ilikuwa imeandikwa kwa jina lake, na sasa ameitwa kusimamia umeme wa hospitali kuanzia Jumatatu.

"Dada Bhoke," alisema kwa sauti ya chini, "ule waya wa kijani mle kisandukuni kazi yake nini?"